Kalibu ya Uso wa Baba

2 Machi
Mvua ilianza jana alasiri na haijui kunyamaza. Karakana ya Shangazi ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, na tangu jana tunasemeshana kwa kupaza sauti kama watu wanaogombana, ingawa ugomvi wenyewe haujaanza.

Niandike jambo lenyewe leo, maana nisipoliandika nitalizungukazunguka msimu mzima. Baba ana uvimbe kwenye taya la kushoto. Daktari atautoa, pamoja na kipande cha taya na nyama ya shavu. Tunasubiri kitanda, wakipiga simu, anakwenda. Hospitalini yuko fundi wa viungo bandia ambaye baadaye atamtengenezea kipande cha kuziba pengo, lakini kwanza anataka uso wa Baba wa plasta, autumie kama kipimo. Uso wa zamani, alisisitiza, kabla ya uvimbe. Picha hazimtoshi, kwa sababu picha haishikiki.

Shangazi ni mdogo wake Baba, na kazi yake ni kufinyanga sanamu za watu. Mimi ndiye ninayezitengenezea kalibu, yaani maganda ya kunakilia sura. Yeye atafinyanga uso juu ya ubao. Mimi nitaufunika kwa plasta, nitageuza, nitatoa udongo, nitajaza plasta nyingine katika uwazi uliobaki, kisha nitapasua ganda la nje kwa patasi. Udongo ukishatoka haurudi kuwa sura. Na shavu la Baba likishatoka nalo halirudi. Sijawahi kufanya kazi ambayo pande zote mbili hazina mara ya pili.

4 Machi
Baba amekaa kwa mara ya kwanza.

Kwa Shangazi, r na l zimebadilishana nyumba katika maneno mawili, karibu na kalibu. Mgeni humwambia "kalibu ndani", na kalibu ya plasta huiita "karibu". Walipokuwa wadogo Baba alimcheka kwa kuchanganya, naye kwa kiburi akajirekebisha, akarekebisha zote mbili kwa mpigo. Aliacha shule mapema. Baba akaendelea mpaka akawa mwalimu wa lugha, na amefundisha lugha mpaka kustaafu. Mimi nimefanya kazi na Shangazi tangu nimalize chuo, nimezoea kumgeuza kichwani. Akisema hii nasikia ile, bila hata kufikiri. Baba hajazoea.

"Kalibu, kaka," Shangazi alisema mlangoni.

"Karibu," Baba alisema kabla hajaingia.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Umesema ile ya plasta."

"Basi ingia kwenye plasta."

Nilicheka. Baba naye alitaka kucheka, akashika shavu.

5 Machi
Mvua. Udongo umepata umbo la kichwa, haujapata mtu.

7 Machi
Baba hakuja, maumivu. Shangazi alifunika udongo kwa matambara mabichi, akakaa kando yake kama anayeuguza.

9 Machi
Upande wa kulia unakwenda vizuri kwa sababu upo, anautazama na kuufuata. Wa kushoto haupo. Uvimbe umeula. Nilipendekeza anakili wa kulia na kuugeuza, akaniangalia kama niliyependekeza tumvalishe Baba viatu viwili vya mguu mmoja.

"Profesa," alisema (ananiita hivyo akitaka kunikera), "baba yako alikuwa anatafuna kushoto tu. Tangu mtoto. Shavu hili lilikuwa limejaa kuliko lile. Na akitaka kucheka bila watu kujua, kona hii ya mdomo ilikuwa inatangulia."

Nilirudi nyumbani nikajaribu kulikumbuka shavu hilo. Mama alipofariki tulibaki wawili tu, mimi na Baba. Tumekula meza moja kila jioni kwa miaka. Sikuweza. Kila nilipofumba macho niliona uvimbe.

11 Machi
Baba ameutazama udongo akasema huyo si yeye, huyo ni marehemu baba yao. Shangazi akasema basi wamefanana. Baba akasema hawakufanana hata kidogo, kila mtu alikuwa anasema hivyo. Shangazi akasema kila mtu alikuwa anasema hivyo mbele yake.

Shangazi akarudi kwenye udongo, mpaka saa ya kuondoka.

14 Machi
Kukaa kimya kunamtesa Baba. Kuongea kunamuumiza, kwa hiyo maneno aliyonayo ni machache, na ameamua kuyatumia kumfundisha Shangazi. Sema karibu nyumbani. Sema kalibu ya sanamu. Ulimi wa r unatetemeka, wa l unalala. Shangazi, mikono imejaa udongo, anarudia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akikosea, akikasirika, akirudia.

Nakiri nilifurahi kidogo. Mimi ni mtoto wa Baba. Neno lililopinda linaniwasha kama mchanga ndani ya soksi.

15 Machi
Karibu. Kalibu. Karibu. Kalibu. Mvua juu, wao chini.

18 Machi
Nimejaribu plasta kwenye kikombe. Inakunywa unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya gunia, na plasta iliyokunywa unyevu inachelewa kushika, ikishika inakuwa dhaifu. Hii bado inashika, ila polepole. Kwa kawaida plasta hupata joto yenyewe, kama mwili wenye homa, kisha hupoa, na ikishapoa unaigonga kwa ukucha inalia. Hii ilichelewa sana kupata joto. Nimefunga gunia ndani ya mifuko ya nailoni na kuliweka juu ya meza.

Nilimuuliza Shangazi uso utakwisha lini. Alisema bado. Nikamuuliza bado mpaka lini. Alisema ukiisha atajua.

Niandike ukweli: leo nilimchukia. Nilimwona mtu asiyejiamini, anayegusagusa kona ya mdomo asubuhi na kuifuta jioni, wakati simu inaweza kuita saa yoyote. Mtu aliyesoma anajua pa kukoma.

20 Machi
Maneno ya Baba yameanza kufifia. Leo alisema "taratibu" na ile r haikutetemeka. Mate yalimtoka pembeni, akafuta kwa leso. Shangazi aligeuka akajishughulisha na ndoo isiyokuwa na kitu.

Somo likaendelea. Sasa sikufurahi.

21 Machi
Bado.

22 Machi
Bado. Leo nimemtazama badala ya kuutazama udongo. Anapofinyanga upande wa kulia macho yake yako kwa Baba. Anapofinyanga wa kushoto anayafumba. Sikuwahi kugundua.

23 Machi
Simu imeita. Kitanda ni tarehe ishirini na saba, awe wodini kabla ya mchana. Siku moja kabla, vipimo vya damu.

Nilimwambia Shangazi nitafunika tarehe ishirini na sita asubuhi, ukiwa umekwisha au haujakwisha. Aliitikia kwa kichwa. Hakuubishia ukali wangu, na hilo lilinitisha kuliko kama angeubishia.

25 Machi
Baba amekaa mara ya mwisho. Shangazi alifanya kazi kwenye kona ya mdomo tu, siku nzima, kwa njiti ya mti iliyochongwa. Jioni, wakati naweka matambara, niliinama, na mwanga wa dirishani ukapiga udongo kwa upande.

Nililikumbuka. Shavu la kushoto. Siku nilipomsomea shairi la kwanza nililotunga, nikiwa mdogo, akasema ni zuri akiwa amekaza uso, na kona ile ikatangulia. Nilisimama pale na tambara linanidondokea maji miguuni. Anajua kazi yake, Shangazi. Sikumwambia.

26 Machi
Nitaandika yote kwa mpangilio, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi nilizungushia ubao ukuta mdogo wa udongo. Nilikoroga plasta ya kwanza na bluu ya kufulia, ili nitakapokuwa napasua ganda, rangi ya bluu inionye kwamba uso uko karibu. Niliirusha kwa vidole, nikaipuliza iingie puani na kwenye kope. Kisha tabaka nene jeupe. Ilikuwa inachelewa, kama nilivyoogopa. Saa ya kumpeleka Baba kwenye vipimo ikafika, plasta bado baridi.

Nilipanga kujaza ndani jioni hiyohiyo, kwa sababu kesho nisingekuwepo. Kwa hiyo nilimwagiza Shangazi: akae nayo, ipate joto, ipoe, aigonge; ikishalia anipigie simu, nami nitamwambia afungue au asubiri. Alisema ameelewa.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi, mimi na Baba, kati ya watu wanaokohoa. Simu ikaita. Mvua kule kwenye bati ilikuwa inapiga kelele mpaka sikioni mwangu.

"Profesa, karibu tayari," Shangazi alisema.

Nikageuza, kama siku zote. Karibu yake ni kalibu. Kalibu tayari. Nikamwambia vizuri, fungua, anza kutoa udongo.

"Nifungue sasa hivi?"

"Sasa hivi, Shangazi. Tukichelewa tutakosa jioni."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi wa hii," alisema, akakata.

Tulirudi alasiri. Mlango ulikuwa wazi na mvua inaingia ndani. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni. Juu ya meza kulikuwa na vipande vya plasta, vizito na laini kama mkate usioiva. Alipouinua ukingo, kalibu ilikatika kutoka mdomoni mpaka sikioni. Ilipokatika iliondoka na udongo. Upande wa kulia wa uso ulikuwa na mikwaruzo tu. Wa kushoto, kuanzia chini ya jicho mpaka kidevuni, haukuwepo. Ulikuwa umeng'ang'ania ndani ya plasta vipandevipande.

Nilipaza sauti. Nilimuuliza kwa nini anipigie kwamba iko tayari wakati ni mbichi. Nilisema mambo mengine nisiyoyaandika.

"Nilikwambia karibu tayari," alisema.

"Ndiyo! Kalibu tayari!"

"Karibu," alisema taratibu, na r ilitetemeka vizuri kabisa, kama kengele ndogo. "Nilisema karibu, Profesa. Imekaribia. Nilivyoisema nikaona nimeipatia, nikatabasamu peke yangu humu ndani. Ukaniambia fungua. Nikajua unajua."

Niliikumbuka sauti yake simuni, na kweli ilikuwa r. Niliisikia. Niliisikia sawasawa, nikaibadilisha mwenyewe, kwa sababu haikunijia kwamba Shangazi anaweza kupatia.

Baba alikuwa bado mlangoni, maji yanamchuruzika. Alivua kofia. Alitumia muda kuyapanga maneno yake.

"Umesema sawasawa, mdogo wangu," alisema. "Tumesikia vibaya sisi."

27 Machi
Nilifika dukani kabla halijafunguliwa, nikarudi na gunia jipya kifuani kama mtoto. Baba alikuwa ameshafika na begi lake la wodini. Shangazi alikuwa mbele ya ubao, mikono mapajani, mikavu.

Alisema hawezi. Alisema amekwisha kulikumbuka shavu lile mara moja na kulitoa lote. Kumbukumbu si bomba kwamba ukifungua tu inatoka. Nilimwambia tuahirishe. Baba akatikisa kichwa: kitanda kikipita hakijulikani kitarudi lini, na uvimbe hausubiri foleni.

Akavuta kiti. Siku zote alikuwa anakaa pale dirishani. Sasa alikaa mpaka magoti yao yakagusana. Akauchovya mkono wa Shangazi kwenye ndoo, akauweka shavuni kwake, kwenye uvimbe wenyewe. Nilimwona anavyoumia. Hakuuondoa.

"Chini yake nipo," alisema. Ilitoka vibaya, nusu yake ilikuwa pumzi. Lakini wote wawili tulisikia, na safari hii sikugeuza kitu.

Shangazi alifumba macho. Mkono mmoja ulibaki kwa Baba, mwingine ukaenda kwenye udongo. Ulianza polepole, kisha ukashika kasi. Baba akanyoosha kidole kuonyesha mahali, akaanza kusema "hapana, juu ki—"

"Nyamaza, kaka. Leo nafundisha mimi."

Akashusha kidole. Kona ya mdomo, upande wa kulia ambao bado unatii, ilisogea.

Muda ulikuwa unakwenda. Nilikoroga. Plasta ilikuwa nzuri, nyepesi, inateleza kama maziwa mazito. Niliitia bluu. Plasta ikishakorogwa haimsubiri mtu. Ilianza kuwa nzito kijikoni.

"Imetosha, Shangazi?"

"Bado."

"Shangazi."

"Bado kidogo. Hapa."

Baba akatazama begi, akanitazama mimi.

"Naimwaga, Shangazi," nilisema. "Ondoa mkono."

Aliondoa kidole gumba chake shavuni, na kabla hajapasawazisha pale palipokuwa na kidole nikarusha bluu. Uso ukapotea.

Yeye ndiye aliyempeleka Baba hospitali, udongo ungali kwenye kucha. Mimi nilibaki. Niliweka kiganja juu ya plasta nikangoja. Ilipata joto kama inavyotakiwa, ikapoa. Nikaigonga, ikalia. Nikangoja tena. Nilifungua jioni, na udongo ulitoka kama unaopenda kutoka.

28 Machi
Yuko chumba cha upasuaji. Mvua imekatika. Siwezi kuandika.

28 Machi, alasiri
Ametoka salama. Tulimwona kupitia kioo. Bendeji nyingi, jicho moja. Shangazi alisema, "Kichwa chake kidogo, sikujua."

1 Aprili
Niliijaza kalibu jana, leo nimeipasua. Unagonga patasi kwa nyundo ya mbao, ganda jeupe linaruka, na ukifika kwenye bluu unashika pumzi. Vipande vya bluu vilianguka kimoja kimoja. Paji la uso. Pua. Kulia kote. Kushoto niliacha mwisho, nikaiweka patasi chini na kutumia kisu kidogo.

Ni yeye. Si sawasawa na ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa karibu kucheka, huu unajizuia zaidi. Lakini ni yeye. Katikati ya shavu, chini ya mfupa, kuna alama ya kidole gumba cha Shangazi, na mistari yake yote inahesabika.

Niliutazama muda mrefu. Msasa ulikuwa mezani. Niliufunga uso kwenye taulo kama ulivyokuwa.

5 Aprili
Baba anakunywa kwa mrija. Anatuandikia kwa kidole juu ya shuka, herufi hazionekani, tunabahatisha. Shangazi anabahatisha vizuri kuliko mimi.

14 Aprili
Leo bendeji kubwa imetolewa, imebaki ndogo. Nilijiandaa, na bado nilitazama dirishani kwanza. Kisha nikamtazama. Upande wa kushoto unaingia ndani ambako haupaswi kuingia. Nilimwambia anaonekana amekonda. Akapandisha nyusi: uongo mbaya.

Fundi wa viungo alikuja baada ya chakula. Ni mtu mpole, anaongea zaidi na uso wa plasta kuliko na mwenye uso. Aliufungua kutoka kwenye taulo juu ya kitanda, akaupapasa, akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena. Alisema ni kazi nzuri kupita alivyotarajia. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ndani ya kanga.

"Hapa pana alama ya kidole," fundi alisema. "Nitaisawazisha kabla sijachukua kipimo, isije ikatokea kwenye shavu."

Baba alisema kitu.

Haikuwa neno. Ilikuwa hewa na mate na kipande cha sauti. Fundi alinigeukia, akanitazama kama watu wote wanavyonitazama sasa, nimfasirie. Kichwani nilikuwa na maana tatu tayari, zote nzuri. Nilimwambia fundi sijaelewa, amuulize mwenyewe.

Akamuuliza tena. Baba hakujaribu kusema. Aliunyoosha mkono kupita kwangu, akaushika mkono wa Shangazi kupitia kanga, akautoa nje, akalichagua dole gumba miongoni mwa vidole vingine, na kuliweka kwenye ile alama ya plasta. Lilienea.

"Lakini itaonekana," fundi alisema. "Mtu akikaribia, ataiona."

"Kaka yangu siku hizi anayapenda makosa yangu," Shangazi alisema. "Iache, aione."

Fundi alimtazama Baba, na Baba alifumba jicho na kulifumbua. Basi akatoa penseli mfukoni, akaanza kuchora mstari wa kipande atakachotengeneza: chini ya jicho, mbele ya sikio, ukingoni mwa taya, mpaka kwenye kona ya mdomo. Alama ya kidole ilibaki ndani ya mstari.